Mahakimu wakiongezwa, kesi yetu itakwisha?

SWALI: Mimi ni mama wa makamo kutoka Kaunti ya Busia. Mwaka 2018 tulifungua kesi ya shamba katika mahakama ya hakimu ya hapa kwetu. Marehemu mume wangu alinunua ekari mbili, akalipa zote, lakini aliyemuuzia amekataa kuhamisha hatimiliki. Tangu hapo tumebadilishiwa hakimu mara tatu. Mashahidi wetu wawili walishatoa ushahidi. Wa tatu ni mzee, na miguu sasa inamsumbua. Kila tukifika tunaambiwa kesi ni nyingi, turudi mwezi fulani. Juzi mbunge wetu alitangaza mazishini kwamba atamwomba Rais atuletee mahakimu wawili zaidi. Je, hilo litatusaidia? Na kama dawa ndiyo hiyo, kwa nini wasiongezwe tu mpaka mrundiko uishe?

JIBU: Mama, pole kwa kufiwa, na pole kwa miaka yote hiyo ya kwenda na kurudi. Ndiyo, mahakimu wawili zaidi wanaweza kusaidia, na katika kituo kidogo wanaweza kusaidia sana. Lakini mahakimu hao peke yao hawatamaliza kesi yako. Tena, wakiletwa kwa namna fulani, wanaweza hata kuirudisha nyuma.

Nianze na mbunge, maana hapo kuna jambo la kunyoosha. Rais wa Kenya hateui mahakimu. Kwa Kifungu cha 172 cha Katiba ya 2010, mahakimu, wasajili na maafisa wengine wa mahakama huajiriwa na kuadhibiwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Rais huingia pale wanapoteuliwa majaji tu, yaani wa Mahakama Kuu kwenda juu pamoja na zile mahakama mbili zilizo sawa nayo, ya ardhi na ya kazi. Hata huko hachagui: Tume humpelekea majina, yeye huyatangaza kwenye Gazeti Rasmi na kuwaapisha wahusika. Kwa hiyo mbunge wako akienda Ikulu kuomba mahakimu, amegonga mlango wa jirani. Mlango wake halisi uko Bungeni, mwezi bajeti ya Idara ya Mahakama inapojadiliwa. Mgao wa mahakama kwa miaka mingi umekuwa wa kama asilimia moja ya bajeti ya taifa, mara nyingine chini ya hapo, na ni wabunge wanaoupitisha. Akirudi kwenye mazishi mengine, mwulizeni alisema nini siku hiyo.

Ulipouliza kwa nini wasiongezwe tu, nilikumbuka kisa cha majaji 41, kwa sababu kinaonyesha mambo yanavyoweza kukwama hata sheria ikiwa wazi. Mwaka 2019 Tume ilifanya usaili wa hadharani na kumpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41: baadhi ya Mahakama ya Rufaa, wengine wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wengine wa Mahakama ya Ajira. Rais akakaa nayo, akisema baadhi yao wana dosari. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Katiba haimpi nafasi ya kuchuja. Bado akakaa nayo. Mmoja wa wateule akafariki dunia katikati ya kusubiri. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha 6, na hao sita walisubiri mpaka Septemba 2022, William Ruto alipoingia madarakani akawateua siku hiyo hiyo ya kuapishwa kwake. Kati ya 2019 na 2021 kesi za ardhi na za kazi hazikuacha kufunguliwa eti kwa sababu majaji hawajaapishwa. Ziliendelea kuingia kila asubuhi, na waliokuwepo wakazibeba.

Mahakimu hawana shida hiyo ya Ikulu. Kwao kizuizi ni pesa. Tume inaweza kutangaza nafasi, ikasaili, ikapata vijana wazuri kabisa, halafu ikakosa fungu la mishahara. Au ikapata la mishahara ikakosa la kujenga. Hapo ndipo wananchi wengi hudanganyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hakimu mmoja si mtu mmoja. Ili hakimu asikilize kesi siku nzima, lazima awe na chumba cha mahakama ambacho hakitumiwi na mwingine siku hiyo. Lazima awe na karani wa kuita kesi na kutafsiri, maana Busia shahidi anaweza kuongea Kiteso, mwingine Kiluhya, mwingine Kiswahili. Kesi za jinai zinahitaji kiongozi wa mashtaka, naye haajiriwi na mahakama bali na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Zinahitaji polisi wa kuleta mahabusu kutoka rumande, na gari lenye mafuta. Masijala inahitaji watu wa kutafuta faili, kupeleka hati, kupanga tarehe. Na kwa kuwa katika vituo vingi hakimu bado anaandika ushahidi kwa mkono, neno kwa neno, lazima awepo wa kuchapa mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, mtu anapotaka kukata rufaa. Ukiongeza hakimu bila kuongeza hata kimoja kati ya hivyo, umepata mheshimiwa wa tatu anayesubiri chumba kile kile. Nimefanya kazi masijala muda wa kutosha kuwaona mahakimu wakipeana zamu ya chumba, mmoja asubuhi, mwingine baada ya saa nane, na aliyebaki akisikiliza maombi madogo ofisini kwake huku mawakili wamesimama mlangoni.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Hizi si takwimu za kituo chochote. Tuseme mahakama ina mahakimu wawili, inapokea kesi mpya 120 kwa mwezi na kumaliza 100. Kila mwezi zinabaki 20. Baada ya miaka miwili, kesi 480 zimelundikana juu ya zile zilizokuwapo. Sasa aletwe hakimu wa tatu na kila alichohitaji. Mahakama inamaliza 150. Mrundiko unapungua kwa 30 kila mwezi, na zile 480 zinahitaji miezi kumi na sita kwisha. Hapo wananchi watakuwa wameshaanza kulalamika kwamba hakimu mpya naye hana maana. Lakini akiletwa bila chumba na bila karani, mahakama ikamaliza 110 badala ya 100, mrundiko unaendelea kukua kwa kesi 10 kila mwezi. Mahakimu wameongezeka kwa nusu, mishahara imeongezeka, na foleni bado ni ndefu kuliko jana. Ndiyo maana mimi mtu akiniambia mahakama fulani imeongezewa mahakimu, swali langu la kwanza ni moja tu: kwa mwezi zinaisha kesi ngapi kulinganisha na zinazoingia?

Hesabu hiyo ina jambo jingine ambalo wanasiasa hulisahau. Mahakama ikianza kwenda haraka, watu huongezeka. Yule jirani aliyekubali kulipwa nusu ya deni lake kwa sababu aliogopa miaka mitano ya mahakamani, akisikia sasa ni miezi sita, atakuja kudai lote. Si vibaya, haki ni yake. Ila ina maana mahitaji ya leo hayaonyeshi mahitaji ya kesho. Na kadiri mahakama ya chini inavyotoa hukumu nyingi, ndivyo rufaa zinavyopanda juu. Ukimwaga mahakimu chini bila kuwatazama majaji wa Mahakama Kuu, foleni haijaisha, imehamia ghorofa ya pili.

Lakini nisikukatishe tamaa, maana kuna mahali ambapo hakimu mmoja wa ziada ana thamani kuliko kumi wa mjini. Ni kwenye vituo vyenye hakimu mmoja au wawili. Fikiria kituo cha hakimu mmoja. Akienda likizo, mahakama imefungwa. Akiitwa mafunzoni, imefungwa. Akiugua, watu waliotoka vijijini saa kumi na moja alfajiri watasomewa tarehe mpya na karani, warudi nyumbani. Na kuna kesi ambazo hawezi kuzigusa: pengine anamfahamu mmoja wa wahusika, pengine alishasikiliza kesi ya mshtakiwa mwenza na kutoa maoni kuhusu ushahidi ule ule. Hizo lazima zipelekwe mji mwingine, mashahidi wapande matatu, nauli itoke mfukoni. Hakimu wa pili akifika, yote hayo hupungua kwa siku moja bila hata kugusa mrundiko wenyewe. Kisha ongeza Jumatatu. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na zikiangukia wikendi, siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi mahakama ya kaunti hujaa waliokamatwa tangu Ijumaa jioni: walevi, wenye chang'aa, waendeshaji boda boda wasio na leseni, aliyepigana na shemeji yake. Hakimu akiwa peke yake, kesi yako ya shamba iliyopangwa Jumatatu imekufa kabla hujafika. Wakiwa wawili, mmoja anapokea mashtaka mapya, mwingine anasikiliza.

Sasa tufike kwenye lile lililokuumiza wewe hasa, la kubadilishiwa hakimu mara tatu.

Kuna siri ambayo si siri: sehemu ya kuchelewa kwa kesi nchini hutokana na kuhama kwa mahakimu, na kila unapoajiri wapya lazima uwahamishe wa zamani. Wapya hawapelekwi wote kule kwenye upungufu. Hupangwa nchi nzima, na wenye uzoefu husogezwa kujaza vituo vikubwa. Hakimu akipandishwa cheo, huhama. Akiteuliwa kuwa jaji, huacha nyuma yake mafaili ambayo amesikiliza mashahidi wawili kati ya watano. Hizo ndizo kesi mbaya kuliko zote katika masijala, kesi zilizosikilizwa nusu. Katika jinai, kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa mshtakiwa haki ya kudai mashahidi waitwe upya mbele ya hakimu mpya, na hakimu lazima amweleze haki hiyo. Wakili mjanja anajua cha kufanya nayo. Shahidi aliyehama, aliyekufa, au aliyeshapatana na mshtakiwa nje ya mahakama hatarudi, na kesi ya miaka minne itaangukia pua. Kwa hiyo ukisikia mahakimu wengi wamehamishwa kwa mpigo ili "kuimarisha huduma", jua kwamba kwa mwaka mmoja mbele kuna vituo ambavyo huduma itadhoofika kwanza.

Kwa maoni yangu, kama ningepewa nichague kati ya kuajiri mahakimu ishirini zaidi na kuweka utaratibu kwamba hakuna hakimu anayehama kabla ya kumaliza kesi alizoanza kusikiliza, isipokuwa kwa dharura, ningesita sana kabla ya kuchagua hao ishirini. Wapo mahakimu wanaorudi kituo cha zamani siku mbili tatu kwa mwezi kumalizia walichoacha, nao wanastahili sifa. Lakini hilo linategemea nauli na marupurupu, na marupurupu ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikipunguzwa.

Kenya imejaribu pia njia nyingine ambayo haihitaji hakimu mpya hata mmoja, nayo imekugusa bila wewe kujua. Kabla ya 2015, hakimu alikuwa na mipaka midogo mno. Katika mirathi, kwa mfano, mali ya marehemu ikizidi shilingi 100,000, familia ilibidi iende Mahakama Kuu. Shilingi laki moja! Ng'ombe watatu na kiploti, tayari uko mbele ya jaji, pengine mji wa mbali. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 ilipandisha mipaka hiyo: hakimu mkazi anaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 5, ngazi zinapanda mpaka hakimu mkuu, ambaye mpaka wake ni milioni 20, na mirathi ikafuata mipaka hiyo hiyo. Kesi za ardhi nazo zikaruhusiwa kwa mahakimu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu kule Malindi ilibatilisha hilo la ardhi, kwa hoja kwamba Katiba ilizipa kesi hizo mahakama maalumu. Oktoba 2017 Mahakama ya Rufaa ikalirudisha. Wewe ulifungua kesi yako 2018, yaani mlango ulikuwa umefunguliwa upya karibuni tu. Bila uamuzi ule, ungekuwa unasafiri kwenda kwa jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ukiwa kwenye foleni moja na kesi za mashamba ya mamia ya ekari.

Ila kushusha kesi kuna gharama yake. Mzigo uliotolewa mgongoni mwa jaji umewekwa mgongoni mwa hakimu, na hakimu hakuongezewa masaa. Mahakama Kuu ilipumua, vituo vya chini vikajaa. Halafu kuna jambo ambalo nataka ulishike vizuri, kwa sababu linahusu hao mahakimu wawili mlioahidiwa: si kila hakimu anaweza kusikiliza kesi ya ardhi. Chini ya Sheria ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Jaji Mkuu huwateua kwa tangazo katika Gazeti Rasmi mahakimu watakaoshughulikia kesi hizo. Anaweza kuja hakimu mzuri, mchapakazi, na bado faili lako asiweze kulifungua mpaka jina lake litangazwe. Mbunge akija tena na ahadi, mwulizeni hilo pia. Atashangaa mmelijuaje.

Jaribio lililopendwa zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, lakini ilikaa kabatini hadi Aprili 2021 mahakama ya kwanza ilipoanza kazi Milimani, Nairobi. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1: deni, bidhaa zilizouzwa zisilipwe, fidia ya ajali ndogo. Kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60, utaratibu ni mwepesi, mtu anaweza kujisimamia mwenyewe, na rufaa ni kwa hoja za kisheria tu. Ni wazo zuri, na kwa mfanyabiashara mdogo ni ukombozi. Lakini tuwe wakweli: katika vituo vingi mwamuzi wa mahakama hiyo ni hakimu mkazi aliyevishwa kofia ya pili. Asubuhi ni mwamuzi na siku zake 60 zinamkimbiza. Mchana ni hakimu wa kawaida. Kesi yenye tarehe ya mwisho kisheria itapewa nafasi kuliko isiyo nayo. Unadhani ni ipi itakayosogezwa mbele, yenye siku 60 au yako ya tangu 2018? Sisemi mahakama hiyo ifungwe. Nasema kila unapoiwekea kesi moja saa ya kukimbia, unaamua pia ni nani atakayesubiri, na mara nyingi anayesubiri ni mwenye shamba.

Wapo pia wanaosema nusu ya kesi hazifai kuwa mahakamani kabisa. Nusu ni kutia chumvi, lakini wana hoja. Mgogoro wa mpaka kati ya mashamba yaliyosajiliwa, kwa mfano, sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inasema mahakama isiusikilize mpaka msajili wa ardhi awe ameshaamua mpaka uko wapi. Bado watu hufungua kesi, hukaa miaka, halafu siku moja hakimu husema: nendeni kwanza kwa msajili. Hakuna idadi ya mahakimu itakayotibu hilo. Linatibiwa na karani anayeuliza maswali matatu dirishani kabla ya kupokea karatasi. Upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ulioanza kwa majaribio Milimani 2016 na kuenea baadaye, nao umeondoa kesi nyingi za familia na biashara kwenye foleni. Na kwa jinai, sheria ya makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa na upande wa mashtaka huelewana badala ya kusikiliza kesi nzima, ipo tangu 2008, lakini bado haitumiki kama inavyoweza kutumika. Washtakiwa wengi wasio na wakili hawajui hata kama ipo.

Jirani zetu Tanzania wana jambo moja ambalo ningependa tuliige. Wao huhesabu mlundikano kwa umri wa kesi kulingana na ngazi: Mahakama ya Mwanzo, kesi ikipita miezi sita imeingia kwenye mlundikano, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, miezi kumi na miwili, Mahakama Kuu, ishirini na minne. Huku kwetu mazungumzo ya hadharani hushikilia idadi: kesi laki kadhaa, mahakimu mia kadhaa, ugawanye. Idadi haisemi kama kesi zilizobaki ni za mwezi jana au za zamani kama yako. Kituo kinaweza kumaliza kesi elfu moja za trafiki kwa mwezi, mtu akakiri kosa, akalipa faini, akaondoka kabla ya chai, na takwimu zikang'aa, huku mashamba na mirathi zikilala kwenye rafu ile ile ya chini. Mimi takwimu za jumla hazinitii furaha mpaka nione umri wa kesi kongwe.

Sasa yako. Hapa nasema kwa ujumla, kwa kuwa sijaona faili, na kama una wakili, mwoneshe haya.

Kwanza, usikubali kirahisi kuambiwa kesi inaanza upya kwa sababu hakimu ni mpya. Yako ni ya madai, si ya jinai. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 18 kanuni ya 8, zinamruhusu hakimu anayerithi faili kuutumia ushahidi uliokwisha kuchukuliwa kana kwamba aliuchukua yeye mwenyewe. Mashahidi wako wawili wameshasema. Maneno yao yako humo. Kesi ikitajwa, omba iandikwe kwamba itaendelea pale ilipoishia. Upande wa pili unaweza kupinga, na hakimu ataamua, lakini usiwape kitu ambacho hawajakiomba.

Ili hilo liwezekane, ushahidi wa awali lazima usomeke. Mwandiko wa hakimu aliyehama unaweza kuwa kama nyayo za kuku. Kwa hiyo wiki hii, si mwezi ujao, andika barua kwa masijala uombe mwenendo wa kesi uchapwe, lipia ada, na uweke risiti. Faili lenye kurasa zilizochapwa hupangiwa tarehe ya kusikilizwa kwa urahisi kuliko lisilosomeka; hakuna anayekuambia hivyo dirishani, lakini ndivyo ilivyo.

Mzee wako wa tatu ndiye ninayemhofia. Kanuni hizo hizo zinaruhusu shahidi achukuliwe ushahidi mapema kukiwa na sababu ya kutosha, na umri na afya ni sababu. Omba kwa maandishi, uambatishe barua ya daktari. Tangu 2020 mahakama nyingi husikiliza mashahidi kwa video pia, kwa hiyo inawezekana akatoa ushahidi bila kupanda pikipiki. Ukiendelea kungoja hakimu wa kuongezwa, unaweza kumpata hakimu na kumkosa shahidi.

Usiliache faili lilale. Kesi ya madai ikikaa mwaka mzima bila mtu kuchukua hatua yoyote, mahakama inaweza kuwaita mjieleze na hata kuifuta. Watu wengi hupoteza mashamba hivyo, si kwa kushindwa bali kwa kunyamaza. Kila tarehe ikiahirishwa, hakikisha sababu imeandikwa, na kama sababu si yenu, iandikwe si yenu. Na kwa kuwa mume wako amefariki, hakikisha mwenye barua za usimamizi wa mirathi ndiye aliyeandikwa kwenye kesi. Iwapo aliyeuza naye atafariki, mna mwaka mmoja wa kuomba msimamizi wa mali yake aingizwe mahali pake, la sivyo madai dhidi yake yanakufa naye.

Mwisho, kila kituo kinatakiwa kuwa na kamati ya watumiaji wa mahakama, wanakokaa pamoja hakimu, polisi, mashtaka, mawakili, magereza na wawakilishi wa wananchi. Waulize masijala inakutana lini na nani anawawakilisha wananchi. Huko ndiko mtu anaweza kusimama akasema: kabla ya kutuletea mahakimu wawili, tuambieni watakaa chumba gani, nani atawaitia kesi, ni nani kati yao ametangazwa kusikiliza ardhi, na hakimu tuliye naye sasa anahama lini. Majibu hayo yakipatikana, ahadi ya mbunge itakuwa na mahali pa kukanyaga. Yasipopatikana, wewe endelea na barua ya kuchapiwa mwenendo wa kesi na ombi la mzee wako, kwa maana hayo mawili hayangoji ajira ya mtu yeyote.